Swali la Mpemba

 

Neno letu la leo ni utafiti. Mwalimu wa darasa, liandike ubaoni: U-TA-FI-TI. Kufanya utafiti ni kutafuta ukweli wa jambo kwa kulijaribu na kulipima. Vyuoni vijana hujifunza kazi hii kwa kufuatana na mwalimu mmoja, kama kijana anavyokaa na seremala mpaka akazoea kushika randa. Mwalimu huyo huitwa msimamizi. Sikilizeni sasa habari ya mwanafunzi mmoja wa nchi yetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza aiskrimu, yaani barafu ya maziwa na sukari. Desturi yao ilikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, ndipo kuyaweka katika friji. Lakini nafasi katika friji ilikuwa ndogo, tena wanafunzi wengi. Siku moja mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba akaona kwamba akingoja yake yapoe, atakosa nafasi. Akayaweka vivyo hivyo, yangali moto. Baada ya saa moja na nusu wakaenda kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu, kama uji.

Hebu fikirini. Ukiweka bakuli la uji wa moto na bakuli la uji wa vuguvugu, lipi litapoa kwanza? Sote tutasema la vuguvugu. Ule wa moto lazima kwanza ushuke ufike pale alipo mwenzake, ndipo uendelee kupoa. Mpemba naye alishangaa. Akamwuliza mwalimu wa fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani.

Baadaye alikutana na rafiki yake mjini Tanga aliyekuwa akitengeneza aiskrimu na kuiuza. Rafiki huyo akamwambia kuwa yeye huweka maziwa yakiwa ya moto, ili yagande upesi. Muuza aiskrimu alikuwa na habari ambayo mwalimu hakuwa nayo!

Mpemba akaendelea na masomo shule ya Mkwawa, Iringa. Akauliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Darasa likacheka, na tangu hapo kosa lolote likaitwa la Mpemba. Wengine tungenyamaza. Lakini siku moja alipata nafasi katika maabara, akachukua vyombo viwili vya kioo, kimoja cha maji ya bomba na kimoja cha maji yaliyochemka, akaviweka katika friji. Baada ya saa moja, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika chombo cha maji ya moto.

Kisha shuleni akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu huko Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wote akauliza swali lake: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, yakiwa sawa kwa wingi na katika vyombo vya namna moja, kwa nini yale ya nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walicheka, wakasema amewaaibisha. Mgeni akamwuliza, je, umelijaribu mwenyewe? Mpemba akajibu ndiyo. Osborne akasema hajui sababu, lakini atalijaribu akirudi Dar es Salaam.

Akatimiza ahadi. Fundi wa maabara alipojaribu, akaleta habari kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, lakini, akaongeza, tutarudia mpaka tupate jibu sahihi. Basi hata fundi hakuyaamini macho yake.

Walipopima zaidi, waliona kwamba maji yaliyoanza na nyuzi 25 hivi yalichelewa kuliko yote kuanza kuganda, na yaliyoanza karibu na nyuzi 90 yaliwahi. Walidhani labda maji ya moto hupungua kwa mvuke, hivyo hubaki machache ya kugandishwa. Lakini maji yaliyopotea hayakutosha kuwa sababu.

Mwaka 1969 habari hiyo ilichapishwa katika jarida la walimu wa fizikia huko Uingereza. Jina la Mpemba liliwekwa kwanza, la Osborne likafuata. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi. Ninyi mnaokaa jirani na Serengeti mnajua kazi ya mabwana nyama. Basi hiyo ndiyo aliyokuwa akisomea.

Mpaka leo ulimwenguni jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba. Je, swali limekwisha? Hapana. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima tena, wasipate ushahidi wa kuwaridhisha. Walionyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kidogo tu, kama sentimita moja, chaweza kumdanganya mpimaji. Wengine bado wanalitafuta. Mimi sioni kwamba jambo hilo linampunguzia Mpemba heshima.

Sasa kazi yenu. Chukueni bakuli mbili zilizo sawa. Katika moja tieni kikombe cha maji ya moto, katika nyingine kikombe cha maji baridi. Ziacheni wazi mahali pamoja kwa saa moja, kisha pimeni tena kwa kikombe kilekile. Maji yapi yamepungua zaidi? Andikeni katika daftari mlichokiona, pamoja na saa mliyoanza na saa mliyomaliza. Wiki ijayo mwalimu wa darasa atayasoma madaftari.

Kwaherini.