Mashine ya boti ya mtumba ikisumbua, anza na vilivyo rahisi

MSIMU wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, ndio unaowapa wavuvi wa Malindi na Kilifi nafasi nzuri ya kuvuka mwamba na kuvua katika kina kirefu. Wengi wao hutegemea mashine za boti za mitumba, kwa kuwa bei ya mashine mpya hailingani na mapato ya mvuvi mdogo. Mashine hiyo ikizimika nje ya mwamba, chombo hubaki mikononi mwa upepo na mkondo.

Hata hivyo, mashine inayokohoa si lazima iwe imekufa. Aghalabu kasoro huwa ni uchafu, chumvi au petroli mbaya, na mwenye spana na subira anaweza kuitambua kabla ya kumlipa fundi.

La kwanza kuchunguzwa ni petroli. Mashine ikiwaka vyema kisha ikazimika baada ya dakika chache, itazamwe hewa ya tangi: kifuniko kikifungwa kabisa, petroli hushindwa kupita. Mashine iliyolala miezi kadhaa huwa na petroli iliyoganda ndani ya kabureta. Vitundu vyake visafishwe kwa petroli safi na kupulizwa, wala visichokolewe kwa waya, kwani waya huvipanua.

La pili ni plagi. Ncha ya rangi ya kahawia ni dalili njema. Ikiwa nyeusi na imelowa, huenda oili iliyochanganywa na petroli imezidi au cheche ni hafifu. Ikiwa nyeupe, mashine inapata moto kupita kiasi au oili na petroli hazitoshi. Kipimo sahihi cha oili ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji, si cha kukisia.

La tatu ni maji ya kupoza. Mashine inapounguruma, mchirizi wa maji hutoka ubavuni mwake. Ukidhoofika, mashine izimwe mara moja. Kipangaboi cha mpira kilicho ndani ya pampu huliwa na mchanga, na jambo hili ni la kuangaliwa zaidi karibu na Malindi, ambako mto Sabaki humwaga tope baharini wakati wa mvua.

La nne ni rafadha. Mashine ikinguruma kwa nguvu ilhali chombo hakiendi, huenda mpira wa kitovu cha rafadha umelegea au pini yake imekatika. Oili ya gia ikiwa nyeupe kama maziwa, maji ya bahari yamekwisha kupenya.

Kasoro moja haifai kupuuzwa na mnunuzi. Kamba ya kuwashia ikivutwa bila upinzani wowote, mgandamizo umekwisha na ringi za pistoni huenda zimelika. Matengenezo yake yaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Ni heri kuiacha dukani.

Baada ya kila safari, mashine ioshwe ndani kwa maji yasiyo na chumvi. Iliyotengenezwa ijaribiwe kwanza katika maji tulivu, kama ya mkono wa bahari wa Kilifi, na hata ikiaminika, makasia, plagi ya akiba na spana visiachwe pwani.