"Opt Out" Maana Yake Nini, na Mbona Inagusa Salio Lako?

Unaweka kredo ya bob 20. Kabla hujapiga hata simu moja, imebaki 15. Ukirudi kwenye meseji za juzi unapata moja ya dondoo za mpira, na mwisho wake imeandikwa: "To opt out, reply STOP." Wengi wetu huifuta tu na kuendelea na shughuli.

Tuanze na neno lenyewe. "Opt" ni kuchagua. Ukiongeza "in" unachagua kuingia, ukiongeza "out" unachagua kutoka. Kwa Kiswahili tunasema kujitoa, na hiyo "ji" ina uzito wake: ni wewe unayejitoa, hakuna atakayekutoa. Pia huwezi kutoka mahali ambapo hukuwa ndani. Kwa hivyo ukisoma "you can opt out at any time", elewa kwamba tayari umo, na ukinyamaza utabaki humo. Kwenye "opt in" mambo ni kinyume: ukinyamaza, uko nje.

Kufuta meseji si kujitoa. Kublock nambari pia si kujitoa. Hutaona meseji, lakini pesa zinaweza kuendelea kukatwa. Na kuondoa programu ya mkopo kwenye simu hakufungi akaunti yako wala hakufuti deni. (Tungependa ingekuwa rahisi hivyo!)

Ovadrafti ndiyo huchanganya watu zaidi. Ukijitoa, huduma inaacha kukukopesha kuanzia hapo. Ulichokopa jana bado unadaiwa, pamoja na ada zake. Lipa kwanza ndipo ujitoe, maana mara nyingi mfumo hautakuruhusu kutoka ukiwa na deni.

Kuhusu data yako, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuondoa ruhusa uliyotoa, wakati wowote. Huhitaji kumweleza mtu sababu zako. Hata hivyo, kuiondoa leo hakuharamishi yaliyofanywa ulipokuwa umekubali.

Matapeli nao wamelijua neno hili. Watakutumia linki ya "click here to opt out", halafu wakuombe PIN. Usiibonyeze. Fungua menyu ya huduma wewe mwenyewe, au piga nambari rasmi ya huduma kwa wateja. Na kama kuna mtu kwa simu anataka umsomee PIN ndiyo akutoe, kata simu, hata akisema anatoka kwetu.

Ukiandikia huduma kwa wateja kwa Kiingereza, kumbuka "of" kabla ya jina la huduma: "I want to opt out of this service." Jibu unalongojea ni "You have opted out." Hiyo meseji usiifute, angalau mpaka uone salio lako limetulia siku mbili tatu.