Mtengenezaji Mdogo na Soko Jipya la Michezo ya Simu

Julai 2008 kampuni ya Apple ilifungua duka la programu za iPhone. Awali, mtengenezaji wa michezo ya simu alitegemea mikataba na kampuni za simu au wasambazaji. Sasa aliweza kulipa ada ya dola 99 kwa mwaka, kupanga bei mwenyewe na kubaki na asilimia 70 ya mauzo. Mmarekani Steve Demeter aliuza mchezo wake, Trism, kwa dola 4.99, kila nakala ilimwachia takriban dola 3.49. Ndani ya miezi miwili alipata dola 250,000.

Kumbuka: mlango huo ulikuwa wazi kwa wote. Michezo ilipofurika, bei zilishuka na wengi hawakuonekana. Ukiulizwa, eleza faida pamoja na hasara.