Muzee Anayetaabika na Mukojo

Labda katika nyumba yako kuna baba ao babu anayeamuka usiku mara tatu ao ine kwenda kukojoa. Anasimama inje muda mrefu, lakini mukojo unakawia. Ukianza, unatoka bila nguvu, unakatika, unaanza tena. Haambii mutu, kwa sababu anaona haya. Wengine wanasema amerogwa. Wengine wanasema ni malipo ya uzinzi wa ujana. Maneno haya yote mawili si kweli.

PROSTATA NI NINI?

Kila mwanaume ana kiungo kidogo ndani ya mwili kinachoitwa prostata. Kinatengeneza sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Fikiri kibuyu kilichopinduliwa, shingo yake ikielekea chini. Kibuyu ni kibofu cha mukojo, na prostata inazunguka shingo ile kama pete. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Mwanaume akipita miaka 40, mara nyingi inaanza kukua polepole. Kati ya wanaume wenye miaka 51 mpaka 60, karibu nusu wana prostata iliyokua. Si wote wanaotaabika. Taabu inakuja wakati pete inapofinya shingo.

Kukua huku si kansa, wala hakugeuki kuwa kansa. Lakini kansa inaweza kuingia katika kiungo kile kile, na kisonono cha zamani kinaweza kuacha kovu katika njia ya mukojo. Dalili zinafanana. Kwa hiyo munganga anapima mukojo, na anapima prostata kwa kidole kwa njia ya haja kubwa. Ni kwa muda mufupi tu. Muzee asikatae kwa ajili ya haya.

KIBOFU KILICHOJAA KINADANGANYA

Sikilizeni neno hili vizuri. Kuna muzee ambaye mukojo unamutoka bila yeye kujua, na matandiko yanaloa. Watoto wanamucheka. Jamaa wanafikiri kibofu chake hakiwezi kuweka kitu. Mara nyingi ni kinyume: kibofu kimejaa kabisa, na kinachotoka ni kile kinachozidi tu, kama pipa la mvua linalomwagika. Pengine hasikii maumivu hata kidogo, lakini figo zake zinaharibika. Kisha anachoka, anatapika, na anaweza kufa. Muzee anayelowesha kitanda asichekwe, aletwe hospitalini.

Mwingine mukojo unafungwa kwa gafula. Tumbo la chini linavimba, na maumivu ni makali. Musingoje asubui. Musimupe maji mengi ao chai ili kusukuma mukojo. Musikandamize tumbo lake. Musiingize utete wala kijiti. Hospitalini wauguzi wanapitisha mupira mwembamba na safi, mukojo unatoka, naye anapumua.

DAWA NA KUPASULIWA

Siku hizi kuna dawa za kulegeza shingo ya kibofu. Nyingine zinapunguza prostata yenyewe, lakini zinaomba uvumilivu wa miezi 6 hivi. Dawa zisipotosha, munganga anapasua. Kazi hii si mupya: Peter Freyer aliifanya London tangu mwaka 1900 kwa kupita ndani ya kibofu, na mwaka 1945 Terence Millin alionyesha njia isiyofungua kibofu. Leo wengine wanatumia chombo chembamba kinachopita katika njia ya mukojo, bila kukata tumbo.

Wazee wengi wanaogopa kwamba nguvu za ndoa zitakwisha. Kwa wengi zinabaki. Lakini mbegu zinaweza kurudi ndani ya kibofu. Hazidhuru, ila uzazi unaweza kukoma. Uliza munganga mbele ya kupasuliwa, pamoja na muke wako.

NYUMBANI

1. Kunywa maji muchana kama kawaida. Punguza masaa mawili mbele ya kulala.
2. Usizuie mukojo. Ukimaliza, ngoja kidogo, jaribu tena.
3. Acha pombe, na punguza kahawa ya magaribi.
4. Usinunue dawa za mafua bila kuuliza. Nyingine zinaweza kufunga mukojo.

Binti hawezi kumuuliza baba yake maneno haya, wala mukwe. Lakini mujukuu mwanaume anaweza kuongea na babu bila haya. Basi, mujukuu, keti naye leo magaribi, umuulize kwa heshima: «Babu, usiku unalala vizuri?»