Je, Wajua? Tannat Haitaki Kunywewa Bila Nyama

Mvinyo mwekundu wa Amerika Kusini ukitajwa, wengi hukimbilia Malbec ya Argentina au Carmenère ya Chile. Uruguay husahaulika, na wanaoisahau wanakosa zabibu yenye misuli kuliko zote mbili: Tannat.

Je, wajua kwamba Tannat si mzaliwa wa Uruguay? Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ufaransa, pande za Madiran. Miaka ya 1870, Pascual Harriague, mhamiaji wa Kibasque, aliipanda Salto, nchini Uruguay, na kwa miongo mingi wakulima wa nchi hiyo waliiita zabibu hiyo Harriague.

Wajua kwamba mashamba ya Uruguay hayategemei theluji ya Andes kama ya Argentina na Chile? Kilima kirefu kuliko vyote Uruguay kina mita 514 tu. Huko Canelones, karibu na Montevideo, mizabibu hupata mvua ya kutosha na upepo wa Atlantiki.

Wajua namna ya kuionja? Mimina kidogo, kisha inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Utaona zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, na wekundu kidogo ukingoni. Zungusha, nusa. Utapata forosadi zilizoiva, plamu na tumbaku. Ikiwa mvinyo umelala kwenye mapipa ya mwaloni, kahawa na chokoleti pia hujitokeza. Piga funda, umeze, halafu subiri. Ukakasi hupanda taratibu hadi kwenye fizi, kama umetafuna bibo ambalo halijaiva vizuri.

Ukakasi huo ni kazi ya tanini, zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Zikifika mdomoni hushikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, na ulimi unahisi mkavu. Sasa tia mdomoni kipande cha nyama yenye mafuta. Tanini zinapata protini nyingine za kushikana nazo, mafuta yanarudisha utelezi, chumvi inapunguza uchungu. Funda la pili linashuka laini, na ladha ya tunda iliyokuwa imejificha inatokeza. Mtu asiihukumu Tannat kabla ya funda hilo la pili!

Ndiyo maana mvinyo huu umepata makazi katika nchi yenye ng'ombe wapatao milioni 12 na watu takriban milioni 3.5. Wauruguay huchoma nyama kwa kuni. Kuni huwaka kando ndani ya kikapu cha chuma, na makaa yanapodondoka husogezwa chini ya wavu. Mbavu huwekwa upande wa mifupa kwanza, zikiwa na chumvi tu, na haziharakishwi. Mafuta yanayodondokea makaa hurudi juu kama moshi, na moshi huo unapatana na Tannat kuliko mchuzi wowote ninaoujua. Mwana-kondoo naye anafaa sana.

Nyama ya kuku? Nyepesi mno, itamezwa.

Samaki? Hapana. Madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo mwekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha harufu kali ya shombo. Pilipili nayo itumike kwa kiasi, kwa sababu kilevi huuchochea moto wake.

Wasiokula nyama wachukue jibini gumu. Uruguay wana jibini la Colonia, lililoanzishwa na walowezi Waswisi waliofika Nueva Helvecia mwaka 1862.

Je, wajua kwamba mwaka 1991, huko Madiran, mtengenezaji mvinyo Patrick Ducournau alibuni njia ya kupitisha viputo vidogo vya oksijeni ndani ya mvinyo ili kuulainisha? Sababu ilikuwa ukali wa Tannat hii hii. Nyumbani, jagi linatosha: mimina mvinyo saa moja kabla ya chakula, uvute hewa.

Joto lake zuri ni kati ya nyuzi 16 na 18. Kwa hiyo Dar es Salaam au Mombasa, chupa iliyokaa mezani ni ya moto mno, na kilevi kitafunika kila kitu. Iweke kwenye friji kwanza hadi ifikie joto hilo. Ikibaki, ifunge, irudishe humo humo. Tanini huilinda, na kwa siku mbili tatu bado itafaa kwa nyama ya kuchoma.