Pesa Imeingia, Programu Imekwama: Jinsi ya Kutatua Kosa la "No module named"

Mteja amelipa. Simu yake imepata ujumbe wa uthibitisho, na yako pia. Lakini kwenye tovuti yako oda bado inasoma "haijalipwa". Ukifungua rekodi za programu yako ya Python, ile inayopokea taarifa za malipo, unakuta mstari huu:

`ModuleNotFoundError: No module named 'requests'`

Kwanza, tulia. Kosa hili halijagusa pesa. Malipo yamekamilika, ila programu yako haikuwaka, kwa hivyo taarifa tuliyotuma haikupata wa kuipokea. Usimwambie mteja alipe tena. Chukua taarifa ya till yako, linganisha nambari za miamala na oda zilizokwama, uziidhinishe moja moja.

Nawe unayenunua mtandaoni, ukilipa na ukurasa ukakwama, usirudie kulipa. Tunza ile SMS na umpe muuzaji nambari ya muamala.

Sasa turudi kwa programu.

Python inasema nini hasa?

Moduli ni kodi iliyoandikwa tayari, ambayo programu yako inaiita ili isianze kila kitu upya. Ukiandika `import requests`, Python hutafuta jina hilo kwenye orodha ya folda. Huanza na folda ya faili unayoendesha, kisha maktaba zake yenyewe, kisha folda ya vifurushi ulivyosakinisha. Ikifika mwisho bila kuliona, inalalamika.

Kwa hivyo haisemi moduli haiko kwenye kompyuta. Inasema haiko pale ilipotafuta. Ni kama mtu anayeulizia duka lako Gikomba na wewe ulishahamia Kawangware. Kompyuta moja inaweza kuwa na Python tatu au nne, na kifurushi ulichowekea moja, zile nyingine hazikijui. Ndiyo maana unaweza kusakinisha mara kumi na kosa likabaki palepale.

Fuata hatua hizi

1. Uliza ni Python ipi inayofanya kazi. Juu kabisa ya programu yako, kabla ya `import` nyingine, weka `import sys` na chini yake `print(sys.executable)`. Ukiiendesha, itakuonyesha njia ya Python inayotumika. Kisha sakinisha kwa kutumia Python hiyo hiyo: `python -m pip install requests`. Kwenye Linux, mara nyingi utaandika `python3`. Ukiandika `pip` peke yake, huenda ukawa unawekea Python nyingine kabisa.

2. Upe kila mradi mazingira yake. Ndani ya folda ya mradi, andika `python -m venv .venv`. Yawashe kwa `source .venv/bin/activate`, au `.venv\Scripts\activate` kwenye Windows. Ukifungua dirisha jipya la amri, ni lazima uyawashe tena. Ukihamisha mradi hadi seva nyingine, usinakili folda ya `.venv`, itengeneze upya huko. Na kama Ubuntu au Debian mpya inakukatalia kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`, usilazimishe. Inakuelekeza tu utumie mazingira ya mradi.

3. Kagua kazi za ratiba. Programu inayofanya kazi ukiiendesha mwenyewe, lakini inakufa usiku ikiendeshwa na cron, mara nyingi inatumia Python tofauti. Cron haijui kwamba uliwasha mazingira. Iandikie njia kamili, mfano `/home/duka/malipo/.venv/bin/python`.

4. Angalia majina ya faili zako. Je, uliita faili yako `requests.py` au `json.py`? Python huanza kutafuta nyumbani, kwa hivyo itachukua faili yako na kuiacha ile halisi. Hapa kosa huja kwa sura nyingine, kama `cannot import name`. Badilisha jina la faili.

5. Kama moduli inayokosekana ni yako mwenyewe, simama kwenye folda kuu ya mradi na uendeshe kwa mtindo huu: `python -m malipo.pokea`. Hapo Python itaanza kutafuta kutoka folda kuu, na folda nyingine za mradi zitaonekana.

6. Hifadhi orodha. Mambo yakikaa sawa, andika `python -m pip freeze > requirements.txt`. Siku ya kuhama, `python -m pip install -r requirements.txt` itarudisha vifurushi vyote, na matoleo yale yale.

Usikisie jina la kifurushi

Hapa ndipo kosa dogo linaweza kukugharimu pesa kweli. Jina la kuita na jina la kusakinisha si lazima yafanane. `yaml` husakinishwa kama `PyYAML`, `bs4` kama `beautifulsoup4`, `PIL` kama `Pillow`, na `dotenv` kama `python-dotenv`.

PyPI, ghala linalotumiwa na pip, liko wazi kwa yeyote kuweka kifurushi, na matapeli wanajua watu hukosea majina. Desemba 2019 kiligunduliwa kifurushi kilichoitwa `jeIlyfish`. Kilifanana na `jellyfish` halali, ila herufi ya kwanza ya l ilikuwa I kubwa. Kingine, `python3-dateutil`, kilijifanya `python-dateutil`. Kazi yao ilikuwa kuiba funguo za SSH na GPG kwenye kompyuta za waliovisakinisha.

Programu ya malipo nayo ina funguo za siri. Anayezipata anaweza kuzungumza na mfumo wa malipo kwa jina la biashara yako. Basi kabla ya kusakinisha, soma jina kwenye maelezo rasmi ya kifurushi, ulinakili kutoka hapo, wala usiliandike kwa kukumbuka.

Na kama tayari uliweka kifurushi kisicho sahihi? Kukiondoa hakutoshi, kwa sababu kifurushi kinaweza kuendesha kodi yake wakati ule ule wa kusakinishwa. Tumia kompyuta nyingine kubadilisha funguo zote, kisha ukague miamala yako tangu siku hiyo.

Ukiomba msaada

Mtumie fundi ujumbe wote wa kosa, njia ya Python uliyoipata katika hatua ya kwanza, na amri uliyotumia. Usimtumie faili ya `.env` wala picha inayoonyesha funguo zako. Hata sisi hatutakuomba PIN au ufunguo wa siri, iwe kwa simu au kwa SMS. Akiuliza mtu akidai ametoka kwetu, kata simu.