Mtoto anayesubiri uraia: je, apelekwe Umra?

Kwanza tutofautishe. Mtoto aliyezaliwa Muscat na mama wa Kilindoni ambaye ni raia wa kuzaliwa, haombi uraia. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yeye ni Mtanzania wa kurithi tangu azaliwe, hata baba akiwa mgeni. Atafutiwe pasipoti tu.

Anayeombewa ni kama yule aliyezaliwa Ngazija kabla mzazi wake hajapata tajnisi hapa. Ombi lake huenda kwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na likiwa bado halijajibiwa yeye ni Mkomoro. Stakabadhi ya ombi si hati ya safari. Kupanda boti hadi Nyamisati ni jambo jingine. Kwenda Makka atatumia pasipoti ya Komoro, na kurudi kwake kunategemea kibali cha ukaazi. Kikimwishia huko, ombi halitamfungulia mlango. Basi waulizeni Uhamiaji kabla ya kukata tiketi.

Umra ya mtoto inasihi na mzazi ana thawabu, lakini haimlazimu kabla ya kubaleghe, wala haimtoshelezi akishakuwa mkubwa. Haraka ya nini? Ama kumsafirisha kwa pasipoti ya nduguye, huo ni udanganyifu, hata kama safari ni ya ibada.

Wallahu a'lam.